Ngiri ya kiwambo inayochelewa baada ya ajali: mwongozo kamili kwa mgonjwa, ndugu na mhudumu wa afya

Kijana anachomwa kisu ubavu wa kushoto. Anashonwa, anapigwa picha ya kifua, picha inaonekana safi, anarudi nyumbani. Miaka mitatu baadaye anafika hospitali akitapika na kifua kimembana, na hakuna anayekifikiria tena kile kisu, hata yeye mwenyewe. Anapewa dawa za vidonda vya tumbo. Zikishindwa anapewa za pumu. Zikishindwa anaambiwa ana kichomi. Kumbe mfuko wake wa tumbo umepanda kifuani kupitia tundu ambalo kisu kiliacha na halikuzibwa.

Hiyo ndiyo ngiri ya kiwambo inayochelewa. Haitokei kila siku, lakini wodi zetu za majeruhi hupokea kila wiki watu walioumia kwa namna hasa inayoileta: bodaboda iliyogongana na lori, kisu cha ugomvi, kuanguka kutoka kwenye mnazi au mwembe, kufukiwa na kifusi mgodini, kupigwa pembe na ng'ombe. Mwongozo huu ni wa mtu aliyewahi kuumia hivyo, ndugu wanaomuuguza, na tabibu au muuguzi wa zahanati atakayemwona kwanza. Msimamo wangu ni mmoja na utaukuta kila hatua: ugonjwa huu hugunduliwa kwa swali kabla ya kugunduliwa kwa mashine. Swali lenyewe ni "Uliwahi kuumia kifua au tumbo?" Asiyeulizwa, na aseme bila kuulizwa.

Kwa nini tundu halizibi lenyewe

Kiwambo, au diaframu kama wengi wanavyosema hospitalini, ni msuli mwembamba uliotandazwa kati ya kifua na tumbo. Juu yake kuna moyo na mapafu. Chini yake kuna ini upande wa kulia, mfuko wa tumbo na bandama upande wa kushoto, na utumbo. Ndio msuli mkuu wa kupumua. Mtu mzima aliyetulia hupumua walau mara 12 kwa dakika, yaani zaidi ya mara 17,000 kwa siku, na kila mara kiwambo hushuka na kupanda. Kidonda cha ngozi hupona kwa sababu kingo zake hutulia zikashikana. Kingo za kidonda cha kiwambo hazitulii hata usiku.

Kisha kuna shinikizo. Unapovuta pumzi, kifua hufyonza na tumbo husukuma. Mtu akiwa amelala kimya tofauti hiyo ni ndogo, ila akikohoa kwa nguvu, akijikamua chooni au akinyanyua gunia inaweza kupita sentimita 100 za maji, yaani shinikizo la safu ya maji yenye kimo cha mita moja. Kila mara hiyo kuna kitu cha tumboni kinachosukumwa kuelekea tunduni. Mara nyingi kinachotangulia ni utando wa mafuta unaofunika utumbo. Hujipachika pale pale, mgonjwa hasikii lolote la ajabu, na kwa kukaa hapo unazuia kingo kukutana. Miezi inapita, tundu linapanuka kidogo kidogo, na nyuma ya utando unafuata mfuko wa tumbo, utumbo mpana, bandama au utumbo mwembamba.

Mwaka 1974 daktari mpasuaji wa Marekani aitwaye Grimes aligawa safari hii katika vipindi vitatu, na mgawanyo wake bado unatumika: kipindi cha kuumia, kipindi cha ukimya, na kipindi cha kuziba au kunyongwa kwa kiungo kilichopanda. Kipindi cha ukimya ndicho kinachotudanganya wote. Kinaweza kuwa cha wiki chache au cha miongo. Nyingi ya ngiri zinazonyongwa hufanya hivyo ndani ya miaka 3 ya kwanza, lakini wapo wagonjwa walioletwa zaidi ya miaka 20 baada ya ajali.

Hapa kuna jambo linalowashangaza wengi. Tundu dogo ni la kuogopwa kuliko kubwa. Ajali ya gari hupasua kiwambo kwa urefu, mara nyingi sentimita 5 hadi 15, na viungo hupita vikirudi bila kubanwa sana. Mgonjwa hulalamika pumzi mapema na hugundulika mapema. Kisu huacha tundu la sentimita 1 au 2. Utumbo ukishapenya hapo na kujaa hewa, tundu linabana kama pete kwenye kidole kilichovimba: kadiri kinavyovimba ndivyo inavyokaza, damu haipiti, nyama inakufa. Mpasuaji Mfaransa Ambroise Paré aliandika habari hii mwaka 1579. Alimfungua maiti kapteni wa jeshi aliyepigwa risasi, akapona, akafa miezi 8 baadaye. Utumbo wake mpana ulikuwa umenyongwa kifuani kupitia tundu ambalo ncha ya kidole kidogo ilipenya kwa shida.

Kushoto huumia zaidi, takriban mara tatu ya kulia, kwa sababu kulia ini hupokea pigo na kuziba tundu. Usichukulie kwamba kulia ni salama. Pigo lililoweza kupasua kiwambo cha kulia huwa kubwa sana, na ini lililopanda kifuani kwenye picha huonekana kana kwamba kiwambo kimeinuka tu.

Hatua ya kwanza: jua kama jeraha lako ni la aina hii

Watu hudhani kiwambo kiko chini ya mbavu. Mtu akitoa pumzi yote, kiwambo hupanda hadi nafasi ya nne kati ya mbavu, yaani usawa wa chuchu kwa mwanamume. Kwa hiyo kisu kilichoingia chini ya chuchu "kifuani" kinaweza kuwa kimeingia kifuani na tumboni kwa pamoja. Eneo la hatari ni kuanzia usawa wa chuchu kwa mbele, na usawa wa ncha ya chini ya bega la nyuma kwa mgongoni, hadi mwisho wa mbavu. Kwa wanawake chuchu si kipimo cha kuaminika; hesabu mbavu.

Kwa jeraha la kisu upande wa kushoto katika eneo hilo, mgonjwa anaweza kukaa kitandani akicheka na wageni huku kiwambo kimetoboka. Tafiti zilizowachungulia kwa kamera inayoingizwa mwilini kupitia tundu dogo wagonjwa wa aina hiyo wasio na dalili yoyote zimekuta kiwambo kimejeruhiwa kwa hata mmoja kati ya wanne. Nikiwa na ndugu yangu mwenye jeraha kama hilo, kwenye hospitali yenye mpasuaji mwenye kamera, nisingeridhika na "tumwangalie tu".

Kwa ajali zisizo na jeraha la kutoboa, tilia shaka ikiwa: mbavu za chini zimevunjika, nyonga imevunjika, bandama au ini limepasuka, au mtu alibanwa ubavuni na gari, ukuta au kifusi. Mlango wa gari uliobonyea upande wa dereva hadi ndani ni taarifa ya kitabibu kamili, mwambie daktari. Kwa watoto usisubiri mbavu kuvunjika. Mbavu zao hupinda zikarudi, na kiwambo kinaweza kuchanika bila ufa wowote kwenye mifupa.

Mgonjwa aliyewekwa kwenye mashine ya kupumulia ana mtego wake. Mashine inasukuma hewa ndani ya kifua, inavirudisha viungo tumboni au kuvizuia visipande, na picha inaonekana nzuri. Mashine ikitolewa, ngiri inajitokeza. Aliyetoka ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, baada ya ajali kubwa anapaswa kupigwa picha nyingine ya kifua akiwa anapumua mwenyewe.

Hatua ya pili: usiondoke hospitali bila haya

Tunza karatasi. Tanzania wengi wetu tunaandikiwa kwenye daftari. Daftari likijaa linawekwa chini ya godoro na kusahaulika. Piga picha kwa simu: karatasi ya ruhusa, majibu ya eksirei, maelezo ya upasuaji kama ulipasuliwa, na fomu ya polisi, PF3 kwa Tanzania na P3 kwa Kenya. Jitumie wewe na ndugu mmoja. Fomu ya polisi watu huitunza kwa ajili ya kesi au bima, lakini kwa daktari wa miaka mitano ijayo ni ushahidi kwamba jeraha lilikuwepo, lilikuwa upande gani na lini.

Kama ulifunguliwa tumbo au kifua, muulize mpasuaji swali hili kabla hajaondoka wodini: "Kiwambo kilikaguliwa pande zote mbili, na kilikutwaje?" Jibu liandikwe. Tundu la nyuma, kando ya uti wa mgongo au nyuma ya bandama, hurukwa kirahisi usiku wa manane mgonjwa akivuja damu, na mpasuaji mzuri hachukii kuulizwa.

Uliza pia lini urudi kwa picha nyingine. Ukiambiwa "ukiona tatizo", omba tarehe.

Hatua ya tatu: zitambue dalili zinapoanza

Katika kipindi cha ukimya dalili si kali, na zote zina ugonjwa mwingine wa kawaida wa kusingiziwa. Kinachozitofautisha ni jinsi zinavyofuatana na chakula na mlalo.

Maumivu au uzito chini ya mbavu za kushoto baada ya kula, hasa mlo mkubwa, yanayopungua ukitapika au ukisimama. Kushiba haraka kuliko zamani. Kiungulia kisichosikia dawa. Kubeua sana. Pumzi kuwa fupi ukilala chali au ukiinama kufunga kamba za viatu, huku ukisimama unapumua vizuri. Maumivu yanayopanda hadi bega la kushoto bila bega kuumia. Hayo ni kwa sababu neva inayohudumia kiwambo hutoka shingoni, mahali pamoja na zile za ngozi ya bega. Na kuna ile ambayo wagonjwa huona aibu kuisema: tumbo kunguruma kifuani. Wengine huisikia wakiwa wamelala kwa ubavu, wengine huambiwa na mwenza. Ukiisikia, iseme.

Angalia historia ya matibabu. Mtu aliyewahi kuumia ubavuni, akatumia dawa za vidonda vya tumbo mara tatu nne bila nafuu, au akaambiwa ana maji kifuani na kuanzishiwa dawa za kifua kikuu bila makohozi kuthibitisha, anastahili kufikiriwa upya. Sisemi aache dawa. Kifua kikuu kipo na ni kingi. Nasema swali la ajali liulizwe, kisha picha ya kifua irudiwe na kusomwa upya.

Kipindi cha kuziba ni kingine kabisa, na hakina subira. Maumivu makali ya ghafla ya kifua au tumbo la juu, kutapika kusikokoma, au kutaka kutapika na kisitoke kitu, tumbo kujaa, kutopata choo wala kutoa upepo, pumzi kukata, jasho la baridi, mapigo ya moyo kwenda mbio. Kwa aliyewahi kuumia, hata dalili mbili kati ya hizo ni safari ya hospitali yenye chumba cha upasuaji, leo hii.

Hatua ya nne: ingia kwa daktari na sentensi moja

Kwenye foleni ya wagonjwa wengi daktari ana dakika chache. Usianze na kiungulia. Anza hivi: "Daktari, mwaka 2021 nilichomwa kisu hapa," huku ukigusa kovu, "na sasa nikila napata maumivu hapa na nikilala pumzi inakata." Mwaka, mahali, chakula, mlalo. Onyesha kovu hata kama ni dogo na unaona haya kuvua shati. Kama ajali haikuacha kovu, sema gari lilikugonga upande gani.

Wazee wa kiume hasa huficha visu vya ujanani. Mjukuu aliye pamoja naye atamwambia daktari "babu hajawahi kuumwa", na babu atanyamaza. Muuguzi mwenye busara humtoa mjukuu nje kwanza.

Hatua ya tano: vipimo, na jinsi ya kuviomba

Eksirei ya kifua ndiyo ya kwanza kwa sababu ipo karibu kila hospitali ya wilaya. Kinachotafutwa ni povu la hewa au mstari wa hewa na maji juu ya kiwambo, kiwambo kisichoonekana ukingo wake, kiwambo cha upande mmoja kilichoinuka kupita kiasi, na moyo uliosukumwa upande wa pili. Picha safi haikanushi. Kwenye siku za mwanzo eksirei hukamata majeraha ya kushoto kati ya robo na zaidi kidogo ya nusu, na ya kulia chini ya hapo.

Kuna njia ya bei ndogo inayoongeza uwezo wa eksirei: weka mpira wa puani unaokwenda tumboni, kisha piga picha. Ncha ya mpira ikionekana imejikunja kifuani kushoto, umekwisha kupata jibu. Mpira ukikataa kupita usiulazimishe. Njia ya chakula inaweza kuwa imejikunja pale tumbo lilipopanda, na kukataa kwenyewe ni dokezo. Mahali pasipo na CT skani, picha ya dawa ya bariamu ya kunywa au ya kupitishwa njia ya haja kubwa huonyesha mfuko wa tumbo au utumbo mpana ulipo. Bariamu ni kwa mgonjwa aliyetulia tu. Anayeshukiwa kutobokewa na utumbo asipewe.

CT skani ndiyo kipimo bora cha picha. Lakini inasomwa vizuri na anayejua anatafuta nini. Fomu isiandikwe "maumivu ya tumbo" pekee. Iandikwe: "Alichomwa kisu ubavu wa kushoto 2021, maumivu baada ya kula. Je, kiwambo ni kizima? Naomba picha za mkato wa mbele na wa pembeni." Mtaalamu wa mionzi ataangalia kama ukingo wa kiwambo umekatika, kama kiungo kimebanwa mithili ya kiuno pale kinapopenya, na kama tumbo au utumbo umelala ukigusa mbavu za nyuma bila kitu cha kuuzuia. Mstari mmoja kwenye fomu unaweza kuwa na thamani kuliko mashine mpya.

Ultrasaundi husaidia zaidi upande wa kulia, ambako ini huruhusu kiwambo kuonekana. Kamera ya kifua au ya tumbo ndiyo inayomaliza ubishi, na faida yake ni kwamba tundu likionekana linaweza kushonwa hapo hapo.

Hatua ya sita, kwa wahudumu wa afya: kabla ya kuweka mpira wa kifua

Sehemu hii naiandika kirefu kwa makusudi, kwa sababu hapa ndipo mgonjwa anapoweza kudhurika mikononi mwetu.

Mgonjwa anafika akihema, upande wa kushoto hausikiki pumzi, picha inaonyesha hewa na maji kifuani. Mkono unakwenda moja kwa moja kwenye seti ya mpira wa kifua, ule wa kutoa hewa na maji yaliyovujia kifuani. Simama. Mfuko wa tumbo uliojaa hewa kifuani unafanana sana na hewa iliyovujia kifuani, na mpira ukiingia ndani yake unamwaga chakula na tindikali kwenye kifua kilichokuwa safi. Mgonjwa wa upasuaji wa kawaida anageuka mgonjwa wa usaha.

Fanya hivi. Tafuta kovu, kifuani, tumboni na mgongoni. Uliza ajali. Sikiliza kifua kwa makini. Mlio wa utumbo pale pasipopaswa kuwa nao ni taarifa, ingawa kutousikia hakumaanishi kitu. Weka mpira wa puani kwanza. Kama ni tumbo lililovimba, hewa na majimaji yatatoka na pumzi itatulia mbele ya macho yako. Rudia picha.

Ikiwa mpira wa kifua lazima uwekwe, usitumie ule wenye chuma chenye ncha. Pasua ngozi, fungua njia kwa koleo, ingiza kidole na upapase pande zote kabla ya mpira kupita. Kidole kitatambua pafu, kitatambua utumbo. Kikitoka kitu cha kijani, chakula au harufu ya kinyesi, mpigie mpasuaji wakati huo huo, usiuchomoe mpira kwa hofu, anza antibiotiki na maji ya mshipa.

Aliyeamua kumpa rufaa mgonjwa wa aina hii aandike kwenye barua neno kiwambo, kwa herufi kubwa kama anaona inafaa.

Hatua ya saba: ikiwa ni dharura

Nyumbani: asile, asinywe, hata maji ya chumvi, hata uji mwepesi. Asipewe dawa ya kuharisha. Tumbo lisikandwe wala kuchuliwa. Najua mwenye mikono ya kuchua ngiri yuko mtaa wa pili na anaaminika, lakini ngiri hii haiko mahali mikono inapofika, na kukamua tumbo kunasukuma viungo zaidi juu. Asilazwe chali. Mkalishe akiegemea nyuma, mabega yameinuliwa, na kama kulala kwa ubavu wa upande uliojeruhiwa kunamtuliza, mwache.

Kwenye kituo cha afya: oksijeni, mishipa miwili ya dripu, mpira wa puani ulio wazi, dawa ya maumivu, antibiotiki, na simu kwa hospitali inayopokea kabla gari halijaondoka. Mpira wa puani usifungwe njiani. Kwa anayesafirishwa na ndege jambo hili lina uzito wa pekee: ndani ya ndege hewa iliyofungwa mwilini hutanuka kwa karibu theluthi, na tumbo lililoko kifuani litatanuka nayo.

Atakayempa usingizi aelezwe mapema. Gesi ya naitrasi oksidi huongeza ukubwa wa utumbo uliozibwa, na kusukuma hewa kwa barakoa kabla ya mpira wa koo kuingia hujaza tumbo lililoko kifuani.

Hatua ya nane: upasuaji

Hakuna dawa inayoziba tundu la kiwambo. Kula kidogo kidogo na kulala kwa mto mrefu hupunguza adha, havibadilishi hatari. Ngiri iliyothibitishwa inashonwa hata kama haisumbui, isipokuwa mgonjwa ana maradhi mengine yanayofanya upasuaji uwe hatari kuliko ngiri yenyewe.

Njia inategemea hali. Penye dharura, kuziba au shaka ya utumbo kufa, wapasuaji wengi huingilia tumboni. Kwa ngiri ya miaka mingi iliyotulia, viungo huwa vimegandana na pafu na ukuta wa kifua, na kuingilia kifuani hurahisisha kuvibandua. Mara nyingine njia zote mbili hutumika. Kamera inafaa kwa waliotulia, mahali penye vifaa na mkono uliozoea. Viungo hurudishwa tumboni, vinakaguliwa uhai wake, kilichokufa kinakatwa, kisha kiwambo hushonwa kwa nyuzi nene zisizoyeyuka. Tundu kubwa lisilofungika bila kuvutana huwekewa wavu maalumu, ila si pale utumbo uliotoboka umechafua eneo. Mpira wa kifua hubaki kwa siku kadhaa.

Muulize mpasuaji: utapitia wapi, kama kuna damu ya akiba, kama kitanda cha ICU kipo, na pafu lililobanwa muda mrefu litafunguliwaje. Swali la mwisho si la kujionyesha. Pafu lililokunjwa kwa miezi likijazwa hewa ghafla linaweza kujaa maji, kwa hiyo hufunguliwa taratibu.

Kuhusu gharama, upasuaji wa kupangwa ni nafuu kuliko wa dharura kwa tofauti kubwa, kwa sababu ya ICU, damu na siku za wodini. Hatari ya kifo nayo hupanda sana utumbo ukishakufa. Shughulikia bima kabla ya tarehe, NHIF au mfuko mwingine kwa Tanzania, SHA kwa Kenya. Asiye na bima aanzie ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali akiwa na barua ya serikali ya mtaa, wala asisubiri siku ya kulazwa. Upasuaji wa namna hii hufanyika katika hospitali kubwa za rufaa kama Muhimbili, KCMC na Bugando, au Kenyatta upande wa Kenya. Wa dharura hufanywa pia na wapasuaji wa kawaida mikoani, na kumngojesha mgonjwa mwenye utumbo ulionyongwa eti mpaka afike jijini ni hesabu mbaya.

Hatua ya tisa: baada ya kushonwa

Wiki ya kwanza kazi kubwa ni pafu. Vuta pumzi ndefu mara 10 kila saa ukiwa macho, kohoa huku umekumbatia mto juu ya kidonda, shuka kitandani mapema uwezavyo. Omba dawa ya maumivu ya kutosha. Anayeogopa maumivu hapumui vizuri, na asiyepumua vizuri hupata nimonia.

Usinyanyue vitu vizito kwa wiki 6 hadi 8, na muulize mpasuaji kama wako unahitaji zaidi. Ndoo ya lita 20 kichwani ni mzigo mzito, kusukuma mkokoteni ni kazi nzito. Tibu kikohozi. Kula mboga na matunda, kunywa maji, usijikamue chooni. Picha ya kifua ipigwe kabla ya kuruhusiwa, na nyingine baada ya wiki kadhaa, hata kama unajisikia vizuri. Rudi haraka ukipata homa, pumzi fupi, usaha kwenye kidonda, au zile dalili za baada ya kula zikirejea.

Mwanamke mwenye ngiri hii ambaye anataka kupata mtoto ashonwe kwanza. Mfuko wa uzazi unaokua husukuma kila kitu juu, na kusukuma mtoto wakati wa uchungu kunaweza kunyonga kilichopanda. Aliyekwisha shika mimba asiifiche kliniki ya wajawazito: mwonyeshe mkunga kovu kwenye hudhurio la kwanza. Kama haina dalili, upasuaji unaweza kupangwa miezi ya katikati ya mimba. Ikibaki haijashonwa, mara nyingi madaktari hushauri kujifungua kwa upasuaji, kwenye hospitali yenye mpasuaji wa kifua au tumbo karibu.

La mwisho linawahusu walioondolewa bandama kwenye ajali ile ile, nao si wachache kwa sababu bandama imekaa chini kabisa ya kiwambo cha kushoto. Mwili usio na bandama hupambana vibaya na vijidudu fulani na malaria huweza kumshika vikali. Uliza chanjo za nimokoka, meningokoka na Hib. Lala ndani ya chandarua, na homa yoyote, hata ya saa moja jioni siku ya sikukuu, ni ya kwenda hospitali usiku huo huo ukiwa na ile karatasi ya upasuaji kwenye simu.